Mwongofu ni mwongo? Amemwambia hivyo mama yangu, tonge likiwa mkononi!

Wana jukwaa, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka. Leo mchana, hapa Chang'ombe, Dodoma, kwenye chakula cha kumpongeza mama yangu aliyebatizwa Jumapili, yule bwana mnayemjua nyote, ambaye hakuna msiba wala kipaimara mkoani humu kinachopita asikamate kipaza sauti, alisimama akatangaza kwamba neno "kuongoka" limetokana na "uongo", na kwamba mwongofu ni mwongo aliyebadili dini. Aliyasema hayo tonge la ugali likiwa mkononi, mlenda ukimchuruzika hadi kwenye kiwiko, kwa sauti ambayo bila shaka ilisikika Kondoa. Mama, mwenye miaka 63, aliinamisha uso akawa anakunja na kukunjua pindo la kanga yake.

Kuongoka ni ndugu wa kuongoa na kuongoza, ukoo uliotupatia kiongozi na mwongozo, na ndiyo maana mambo ya mtu yakimnyookea husemwa yameongoka. Watu wa Mombasa huuita uongo "urongo", lakini hajazaliwa Mmombasa anayesema "kurongoka". Waislamu wanapoifasiri Al-Fatiha husema "Tuongoe njia iliyonyooka". Je, nao wanaomba kudanganywa? Mwongo, mbele ya mama yangu! Na tonge mkononi!

Jibu la 1: Pole sana, ndugu yangu. Bwana huyo huyo, shemeji yangu aliposilimu, alituambia ukumbini kwamba kusilimu kumetokana na "siri", yaani mtu ameiacha dini yake kisirisiri. Neno hilo ni la Kiarabu, "aslama", kujisalimisha, na limezaliwa tumbo moja na Uislamu na salama. Shemeji alilia hadi wanja ukamfika kidevuni.

Jibu la 2: Mleta mada, tonge umelitaja mara tatu, lakini hujatueleza wewe ulifanya nini. Ulikaa kama mtungi wakati mama yako anatukanwa, sasa unakuja kutufokea sisi ambao hata ugali hatukualikwa.

Mleta mada: Mama alinishika goti chini ya meza, mzee wangu. Ningesimamaje? Mlenda ulikuwa unadondoka kwenye kitambaa alichokishona yeye mwenyewe!

Jibu la 3: Ninyi mna nafuu. Mama mwenye nyumba wangu, huku Area C, huniita "mlokole" kila nikichelewesha kodi, kana kwamba ni jina la mdaiwa. Neno hilo limetoka kwa Waganda, "balokole", waliookolewa, na lilienea pamoja na uamsho ule wa Rwanda na Uganda wa miaka ya 1930. Ni neno la heshima, naye analitamka kama anayetema kokwa la zabibu.

Jibu la 4: Heri mlokole. Mimi siku ile ile moja, upande nilikoingia walisema nimeongoka, na upande nilikotoka wakasema nimeritadi. Baba mkubwa hadi leo haniiti kwa jina; akinipigia simu huuliza, "Murtadi, umeshakula?"

Jibu la 3: Angalau anakuuliza kama umekula. Wangu ameniongezea kodi.