Uzamili wa Kifaransa: fasihi au ufundishaji?

Chungu_Kipya: Wakuu, nimekubaliwa sehemu mbili, zote uzamili wa miaka miwili. Moja ni lugha na fasihi ya Kifaransa, njia ya utafiti. Nyingine ni kufundisha Kifaransa kwa wageni. Natakiwa kujibu kabla ya Ijumaa. Niende wapi?

Bi_Nukta: Unataka kuja kuwa nani? Kifaransa chako ni kiwango cha B2 au C1? Nani analipa? Bila hayo tunapiga ramli.

Kalamu_Kavu: Fasihi! Kufundisha utajifunza ukishashika chaki. Kukaa na mtu anayekufumbulia shairi la karne ya 16 neno kwa neno, hutapata tena.

Mzee_wa_Tasnifu: Kalamu, usimdanganye kijana. Mimi niliingia fasihi nikidhani nitasoma riwaya, muhula wa kwanza nikakutana na Kifaransa cha kale. Kile si Kifaransa chenye tahajia mbovu. Nomino hubadilika kwa kazi yake: ukuta ukiwa kiima ni *li murs*, ukiwa yambwa ni *le mur*. Mimi nikaona hiyo -s nikasema wingi huu, nikajenga kuta ukurasa mzima pahali penye ukuta mmoja. Hayo nilicheka yakaisha. Kilichoniumiza ni msimamizi. Alinikubalia mada kwa barua pepe ya mistari miwili, akaenda likizo ya utafiti, miezi mitano kimya. Kurudi, ananiambia, "Hili si swali la utafiti, ni mada tu." Kurasa 60 zikaenda na maji. Miaka miwili ikawa mitatu. Uliza msimamizi ni nani, na yupo?

Kalamu_Kavu: Pole, lakini hiyo kesi ni ya msimamizi, si ya fasihi.

Bi_Nukta: Mleta mada bado hajajibu.

Chungu_Kipya: Samahani, nilikuwa kazini. Nina B2 ya TCF, ule mtihani wa kupima Kifaransa, ya mwaka juzi. Nataka kufundisha, ila udaktari pia naufikiria. Ufadhili nimepata wa ufundishaji tu.

Bi_Nukta: Ufadhili ndiyo unausema mwisho?! Na TCF huisha baada ya miaka miwili, angalia tarehe. Ungefanya mtihani wa DELF, cheti chake hakina kuisha.

Dira: Chukua penye hela. Kule kuna mafunzo kwa vitendo, na ukiandika tasnifu nzuri udaktari wa didaktiki, yaani taaluma ya ufundishaji, unaingia.

Kalamu_Kavu: Wa didaktiki, sawa. Wa fasihi watamuuliza tasnifu ya fasihi iko wapi. Halafu aende akawasome washairi kina Senghor wa Senegal na Césaire wa kisiwa cha Martinique, si Paris tu.

Dira: Hao si fasihi ya Ufaransa.

Kalamu_Kavu: Nani kasema Ufaransa? Fasihi ya *Kifaransa*. Senghor alichaguliwa Académie française, baraza la lugha la Ufaransa, 1983 akiwa amekwisha kuwa rais wa Senegal. Na Martinique ya Césaire ni mkoa wa Ufaransa tangu 1946, kwa hiyo hata kwa kipimo chako yumo.

Dira: Mkoa kwenye karatasi. Mwenyewe angekubali?

Bi_Nukta: Fungueni uzi wenu.

Chungu_Kipya: Nimewaandikia wa fasihi kuuliza msimamizi. Kimya hadi sasa. Mzee, zile kurasa 60 ulizifanyaje?

Mzee_wa_Tasnifu: Ziko kabatini. Nne niliziokoa, zikawa tanbihi.