Tupeane uzoefu: Kiitaliano cha dukani na cha kumshauri mteja mmekipataje?

Wadau habari zenu. Mimi nauza vikoi na vinyago Watamu. Hapa na Malindi ukijua Kiitaliano biashara inatembea. *Quanto costa* (bei gani), *troppo caro* (ghali mno), *mi fai uno sconto* (nipunguzie), hizo zinaingia zenyewe, mteja anakuimbia kutwa. Kazi iko kwenye kumshauri. Mtu amejifunga kikoi, anakugeukia akuulize, wewe umebaki na *bello, bello*, kizuri, kizuri. Wenzangu mlivukaje hapo?

Wa Malindi: Nilifunzwa na mama mmoja wa Kiitaliano, mteja wetu wa siku nyingi. Alinambia *bello* husemwa na kila muuzaji, haina uzito tena. Anza na *secondo me*, kwa maoni yangu, kisha taja kitu kimoja tu: *secondo me le sta meglio il blu*, bluu imemkaa vizuri zaidi. Akisitasita, mpe nyengine: *provi anche questo*, jaribu na hii. Siku hizi namwambia mtu waziwazi rangi fulani haimfai, na hanuni, anachukua ile nyengine. Halafu mtu mzima usiyezoeana naye mwambie *le*, si *ti*. Vijana wa ufuoni wanamwambia kila mtu *ti* na wageni wanacheka tu, ila dukani ni jambo jengine.

Kiwengwa, Unguja: Mie natembeza wageni. Maji yakipwa wote wanataka kwenda mwambani pekupeku, na kule kuna wale weusi wenye miba. Kwa hiyo sentensi yangu ya kwanza ilikuwa *le consiglio di mettere le scarpe, ci sono i ricci*, nakushauri uvae viatu, kuna hao wa miba. Ukishaishika *le consiglio di*, unabadilisha mkia tu: anywe maji, avae kofia, arudi kabla maji hayajajaa.

Niko Bergamo, Italia: Huku mimi ndiye mnunuzi. Kaunta ya nyama na jibini wanahesabu kwa *etto*, gramu 100, basi sema *vorrei due etti di prosciutto*, naomba gramu 200 za paja la nguruwe. Pasipo na mashine ya namba, uliza *chi è l'ultimo?*, nani wa mwisho? Ukishamjua wa mwisho, zamu yako iko nyuma yake, hata kama amejikalia pembeni na simu yake. Na matunda ya sokoni msiyabinye jamani! Muulize muuzaji *cosa mi consiglia?*, unanishauri nini? Ukitaka tikiti atakuuliza *per oggi o per domani?*, unalila leo au kesho, kisha anakuchagulia mwenyewe. Nami sijawahi kujuta.

Mwenye uzi: Ahsanteni sana. *Secondo me* naanza nayo kesho asubuhi. Sasa yule anayevuta bei mpaka jua linazama, nimkatalieje kwa adabu?

Wa Malindi: *Mi dispiace, il prezzo è questo*, samahani, bei ni hii. Kisha nyamaza, kunja vikoi vyako. Ukianza kujieleza ashajua inashuka.