Konokono wa bahari anaanza dume halafu anageuka jike, ule uume unaenda wapi?

Mwalimu_Kondele
Wadau habari zenu. Niko Kisumu nafundisha baiolojia na watoto wa fomu tatu wamenibana. Huku sisi konokono tunaowajua ni wa ziwani, wale wa kichocho, na hao kila mmoja ana sehemu za kiume na za kike mwili mmoja. Sasa mwanafunzi amesoma ati wale wa baharini wa gamba la kofia, wale hung'ang'ania mawe, wengine huanza madume wakikua wanakuwa majike. Ameniuliza uume unaenda wapi, na za kike zinatoka wapi? Nataka nimjibu vizuri kabla ya Alhamisi.

nax_maabara
Mwalimu huyo mtoto ana kichwa. Sasa inategemea ni konokono gani. Patella wa miamba ya Ulaya hana uume kabisa, ana tezi moja tu ya uzazi na anamwaga mbegu ama mayai majini kupitia figo ya kulia, so akigeuka ni ile tezi inaacha mbegu inaanza mayai, basi. Mwenye mambo ni Crepidula fornicata, asili yake pwani ya mashariki ya Marekani. Hawa hupandana mgongoni, chini kabisa jike mkubwa, juu madume wadogo, na katikati unaeza pata mmoja yuko njiani kugeuka. Dume ana uume mrefu umeota nyuma ya kipapasio cha kulia cha kichwa, mrefu juu lazima ufikie jike huko chini. Akianza kugeuka unanywea polepole mpaka unabaki alama ndogo ama unaisha, na huku ndani vinaota vifuko vya kuweka mbegu za madume na tezi za kutengeneza maganda ya mayai. Na jirani anachangia sana: mdogo akitua juu ya jike anakaa dume muda mrefu, akiwa peke yake anageuka mapema.

Dada_wa_Kakamega
Mwambie pia kuhusu Nucella lapillus, konokono mwingine wa baharini, hii iliniuma sana nikiisoma. Huyo habadilishi jinsia, jike ni jike maisha yote. Lakini mwaka 1970 huko Plymouth, Uingereza, ikaripotiwa majike wameota uume, na baadaye ikajulikana ni rangi za meli zenye TBT, sumu ya kuzuia viumbe kugandia chini ya meli. Nanogramu moja hivi kwa lita ya maji inatosha kuanzisha hiyo kitu. Mfereji wa kiume unaota mpaka unaziba tundu la kutolea mayai, mayai yanajazana ndani na jike anakufa. Ufaransa ilizuia hizo rangi kwa boti ndogo 1982, Uingereza 1987, mkataba wa dunia ukapitishwa 2001 lakini ukaanza kazi 2008. Miaka yote hiyo!

Mwalimu_Kondele
Asanteni sana, hiyo ya rangi lazima niwasomee. Na hawa wetu wa kichocho wako na tezi mbili ama moja?

nax_maabara
Moja, mwalimu. Biomphalaria na Bulinus wana tezi moja inatengeneza mbegu na mayai, na akikosa mwenzake anajitungisha mwenyewe, ndio maana mmoja akibaki kwa dimbwi anaeza lijaza tena. Ukienda kuwaokota vaa glavu ndefu na gambuti, usiwaache watoto waingie maji miguu mitupu.