Mrejesho: Mjomba aliyezidiwa baada ya kuanza dawa za kifua kikuu
Niliuliza kwa nini mjomba wangu wa Likoni, baada ya kuanza dawa za kifua kikuu, alizidi kudhoofika, akawa anapata kizunguzungu kila akisimama na kutamani chumvi mchana kutwa. Daktari bingwa alimfunua mdomo akatuonyesha fizi zilizopiga weusi, kisha mistari ya viganja iliyokoza kana kwamba imechorwa kwa piko. Sisi tulidhani ni jua la pwani. Damu ilikuwa na sodiamu ndogo na potasiamu nyingi.

Ni ugonjwa wa Addison, alioueleza Thomas Addison wa London mwaka 1855. Tezi zilizo juu ya figo, ambazo kwake zilishambuliwa na kifua kikuu chenyewe, hazitoi kotisoli ya kutosha (homoni inayosaidia mwili kudumisha presha na kuhimili maradhi), na rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huharakisha ini kuivunja hata hiyo kidogo iliyobaki. Dawa za kifua kikuu hazikusimamishwa (baadhi yenu mlipendekeza hivyo, na nashukuru hatukufuata), bali ameongezewa fludrokotisoni, inayosaidia mwili kushika chumvi, na haidrokotisoni, inayoshika nafasi ya kotisoli, hii ya pili kwa kipimo kikubwa kuliko kawaida kwa sababu ya rifampisini hiyo hiyo. Ameonywa asiikatize haidrokotisoni ghafla, na akishikwa na homa aongeze kipimo kama alivyoelekezwa. Presha imetengemaa, na anavuka feri peke yake.