Naomba ushauri: maadui wanaoruka wananimaliza Defense Grid

Habari wakuu. Nacheza Defense Grid: The Awakening, ile gemu ya 2008 ya kujenga minara ya ulinzi, kwenye kompyuta. Wavamizi wa sayari nyingine wanakuja kuiba viini vya nishati. Wanaotembea nimewaweza: nawazungusha njia ndefu, minara ya moto kwenye kona, na kiini kikidondoka kinarudi chenyewe polepole. Shida ni wanaoruka, hao hawafuati njia. Jana usiku walinibebea viini vya mwisho huku minara yangu ya moto imesimama tu. Roho iliniuma sana.

Minara ya makombora inapiga wanaoruka tu, si wanaotembea, na akiba isiyotumika inazaa riba, ndiyo maana nasita kuijenga mapema. Niiweke karibu na viini au wanakotokea? Naombeni msaada.