Afande kanilia chapati yangu kisa helikopta ambayo HAIPO!!!

Fundi_Redio_Bombo

Wakuu, niko dukani mkono unatetemeka, skrubu zimemwagika chini, simu ya mteja iko wazi mezani kama kuku aliyepasuliwa. Naandika kabla hasira haijapoa, kwa hiyo herufi zikikosewa mnivumilie.

Mnamjua. Simtaji. Yule wa kofia. Yule ambaye vita vyote vya Uganda hii alivipigana peke yake, hata vile vya kabla hajazaliwa, na sote tunajua jeshini alikuwa stoo akigawa mabuti, tena wengine aliwapa ya kushoto mawili. Huyo huyo.

Leo saa saba nimekwenda kwa mama wa kikomando, chapati na maharage, pale kando ya barabara ya Gulu. Cha elfu mbili: chapati moja aikate aichanganye na maharage, nyingine aiache nzima juu. Anajua. Miaka mitano sasa, chapati ya juu haiguswi kisu. Ndiyo starehe yangu katika nchi hii, sina nyingine.

Nakuta afande kakalia benchi anahutubia. Mada ni helikopta. Eti sisi raia tunalialia bajeti ya ulinzi bila kujua kitu. Eti yeye Comanche, ile helikopta ya upelelezi ya Wamarekani, kaiona kwa macho yake mawili, Entebbe, miaka ya tisini, ilikuja usiku haina sauti, hata mbwa hawakubweka.

Comanche. Entebbe.

Mimi ni fundi redio tu lakini nasoma. Nikamwambia kwa adabu zote, "Samahani mzee wangu, Comanche zilizowahi kuruka ni mbili tu dunia nzima. Boeing na Sikorsky ndio waliounda. Ya kwanza iliruka Januari 1996. Jeshi la Marekani lilikuwa linataka 650, halafu Februari 2004 wakafuta mradi, karibu dola bilioni 7 zimeshakwenda. Hizo mbili leo ziko makumbusho, Alabama. Sasa hii ya Entebbe ilitokea wapi?"

Kimya. Mama akaacha kusukuma chapati, kifimbo kimebaki hewani. Kijana mmoja wa boda akacheka kwa pua.

Hapo sasa. Afande hakujibu neno. Alinyoosha mkono mpaka kwenye sahani YANGU, akainyanyua chapati ya juu, ile nzima, akaisimamisha juu ya kidole cha shahada, na kidole kikatokea upande wa pili. Kikatokea, wakuu! Akaanza kuizungusha, tu-tu-tu-tu-tu, anaipitisha juu ya vichwa vya watu, kwa mama, kwa wa boda, inarudi, inaelea juu ya maharage yangu. Akanitazama usoni. "Kijana, hii ndiyo Comanche." Akaikunja, akaitia mdomoni yote. Halafu anatafuna huku ananiambia, "Mradi umefutwa."

Benchi zima likaanguka kwa kicheko. Mama wa kikomando, ambaye redio yake nimeitengeneza bure mara mbili, alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

Kidole. Kidole ambacho dakika mbili kabla kilikuwa sikioni, nilikiona kikiingia na nilikiona kikitoka.

Na nilikuwa sijamaliza! Nilikuwa na FARA. Helikopta nyingine ya upelelezi ya Wamarekani hao hao, imefutwa Februari 2024, kama dola bilioni 2 zimeungua, baada ya kuangalia vita vya Ukraine na kuona droni inafanya kazi ile ile kwa pesa ya mboga. Nilikuwa na hesabu pia: bilioni 7 gawa kwa mbili, helikopta moja ni bilioni tatu na nusu, na hata kupiga risasi vitani haijapiga. Yote yamenikwama kooni, mahali ambapo chapati ingepita.

Nimekula maharage matupu mbele ya watu. Nimfanyeje huyu mtu? Na asije mtu hapa kuniambia nisamehe.

Boda_Wobulenzi

Mimi ndiye niliyecheka kwa pua. Samahani mkuu. Ila umeacha sehemu: afande alipoondoka ulipiga magoti ukachungulia chini ya benchi kama kuna kipande kimeanguka.

Fundi_Redio_Bombo

Nilikuwa natafuta skrubu.

Boda_Wobulenzi

Skrubu kwenye kikomando. Sawa.

Binti_Nubi

Nimecheka hadi mtoto ameamka. Fundi, wewe sasa ni mlipa kodi wa Marekani halisi. Umelipa, umeiona ikizunguka, hukuipanda, na aliyeifuta ndiye aliyeshiba.

Mswahili_Fasaha

Kabla ya yote, kichwa cha uzi kina kasoro. "Kanilia" ni lugha ya mitaani, andika "amenilia". Na kama angelia machozi kwa ajili yako, ingekuwa "amenililia". Tuitunze lugha.

Boda_Wobulenzi

Kaka wewe uko Tanga unapigwa upepo wa bahari. Sisi huku Kiswahili tulifundishwa na watu wenye bunduki, hawakuwa na muda wa ngeli.

Dereva_Malaba

Niko foleni ya mpakani tangu jana usiku, lori la nne kutoka geti, kwa hiyo nafasi ya kuandika ninayo.

Fundi, chapati yako ni kitu kidogo. Kanada 1993, Chrétien kaingia madarakani, kafuta mkataba wa helikopta za EH101. Kuvunja mkataba tu, karibu dola milioni 500 za kwao, na helikopta hakuna hata moja. Wakabaki na Sea King zilizonunuliwa miaka ya sitini, wakazirusha mpaka 2018. Sasa sikiliza utamu wake: miaka mitano baada ya kufuta, wanahitaji helikopta za uokoaji, wakafanya mashindano, ikashinda nani? EH101. Ile ile. Wakaibatiza Cormorant. Ni sawa na wewe ulipie chapati usiile, kesho urudi ununue ile ile mama akiiita mkate wa kusukuma.

Halafu huku mpakani mashine ya kukagua mizigo imeharibika na ofisa anayejua kuiwasha kaenda kula. TANGU JANA.

Mwalimu_wa_Arua

Uhondo wa Kanada haujaisha hapo. Kuna zile za rais wa Marekani, VH-71, ndugu wa EH101 hiyo hiyo. Zilikuwa ziwe 28, bei ikaanzia bilioni 6 na kitu ikapanda hadi kupita bilioni 11. Obama alipoingia 2009 akasema aliyonayo inamtosha. Kilichowavunja watu mbavu ni jiko: ndani rais angeweza kupika chakula nchi ikiwa inashambuliwa kwa nyuklia. Obama akawaambia wanajeshi wastaafu kwamba siku hiyo jambo la mwisho atakalolifikiria ni kuandaa kitafunio. Mradi ukafutwa. Kanada wakazinunua tisa, 2011, dola milioni 164, kwa ajili ya vipuri.

Kwa hiyo Fundi, ungekuwa rais ungepikia kikomando chako angani, afande asifike.

Fundi_Redio_Bombo

Asante mwalimu, lakini tusiende mbali. Kidole. Nyinyi mnaruka kidole. Kingekuwa kisu ningenyamaza.

Mzee_Luwero

Vijana, mnakwenda Kanada na Alabama kutafuta nini? Miaka ya tisini mwishoni mlikuwa hamjazaliwa? Helikopta nne za vita, Mi-24, kutoka Belarus, zaidi ya dola milioni 12. Zikaja mbili, na hizo mbili zikakutwa chakavu, hazifai kuruka. Jaji Julia Sebutinde akakalia tume ya uchunguzi, nchi nzima ikasikia habari ya kamisheni ya dola 800,000, na mkubwa mmoja alikiri mwenyewe. Mnamjua. Na mimi simtaji.

Wenzetu walau hufuta kabla ya kununua. Sisi tulinunua, ikawa imejifuta yenyewe.

Kijana_wa_Mbale

Mzee umesahau Sukhoi. 2011, ndege sita, dola milioni 740, bunge linaitwa kuidhinisha pesa ikiwa imeshatoka benki. Mwaka ule ule mimi nilikuwa darasa la sita, tunakaa wanne dawati moja, na wa nne alikuwa anakaa kwa zamu.

Afande_Mpenda_Amani

Mimi si yule wa kofia, msinianze. Ila tuseme kweli, helikopta zina kazi. Karamoja barabara ikikatika mvua, askari aliyejeruhiwa utambeba kwa boda?

Boda_Wobulenzi

Nimewahi kumbeba mama mjamzito, mbuzi na godoro kwa safari moja. Nijaribuni.

Mama_Entebbe

Agosti 2012 Mi-24 tatu ziliondoka Uganda kwenda Somalia, zikaanguka Mlima Kenya zote tatu. Nilikuwa naishi karibu na wake za askari. Wiki ile nzima watu walipunguza redio, na mwanamke wa nyumba ya pili alikuwa anaanika shati moja la mume wake kila asubuhi, anaanua jioni, kesho anaanika lilelile. Halikuwa limefuliwa.

Nimesema tu. Endeleeni na chapati.

Binti_Nubi

Pole mama.

Mzee_Luwero

Pole sana dada.

Kijana_wa_Mbale

Pole mama. Hii nyingine ni ya Uingereza, hii inacheka. Waliagiza helikopta nane za Chinook, zikafika 2001, mpya kabisa, zikagundulika haziwezi kuthibitishwa kuwa salama. Zikaruhusiwa kuruka siku isiyo na mawingu tu. UINGEREZA. Zikakaa kwenye banda miaka na miaka.

Inanikumbusha mwenye nyumba wangu. Kaniwekea taa ya sola ya nje, inawaka mchana, giza likiingia inazima. Nikamwambia, akasema "inapumzika". Kodi yeye hajawahi kuipumzisha.

Dereva_Malaba

Wa kwangu kafunga geti la umeme. Umeme ukikatika tunaruka ukuta, na yeye mwenyewe anaruka, mzee wa miaka sitini na tano na kanzu.

Binti_Nubi

Hao wana nafuu. Wa kwangu anahesabu watu wanaooga. Mgeni akilala, asubuhi bili ya maji imeandikwa "mgeni mnene, 3,000".

Mwalimu_wa_Arua

"Mgeni mnene" nimekufa.

Fundi_Redio_Bombo

Wakuu, uzi huu ni wa chapati. Afande amepita tena mbele ya duka sasa hivi. Hakusema kitu. Alinyanyua kidole tu, akakizungusha. Watoto wa shule wakaitikia tu-tu-tu-tu. WATOTO. Wamejulia wapi?

Boda_Wobulenzi

Nimewaambia mimi. Nilidhani ni habari njema.

Mpwa_wa_Mama

Habari zenu. Mimi ni mpwa wa huyo mama wa kikomando, namsomea uzi huu mezani hapa anacheka. Ameniagiza mambo mawili. La kwanza, afande alirudi jioni akalipa chapati ile, shilingi elfu moja, akasema ni fidia ya kuvunja mkataba. La pili, pesa hiyo imeingizwa kwenye deni la Fundi, ambaye ana vikomando saba hajalipa tangu Pasaka. Sasa vimebaki sita na nusu.

Dereva_Malaba

MKUU.

Mzee_Luwero

Kumbe ni ununuzi wa mkopo! Basi wewe si mlipa kodi, wewe ni wizara.

Binti_Nubi

Naondoa pole yangu. Ooh, sikuitoa kwako, nilimpa Mama Entebbe. Nzuri.

Fundi_Redio_Bombo

Redio mbili nilizitengeneza bure. Mbili. Hizo hazihesabiwi? Betri ya pili ilikuwa yangu.

Kijana_wa_Mbale

Mimi swali langu ni la kiufundi. Kidole kimepitaje kwenye chapati? Chapati ya zamani kidole kingevunjika. Hizi za siku hizi ukiinua juu unaona upande wa pili nani anapita.

Mpwa_wa_Mama

Za kwetu si nyembamba. Ilikuwa ya moto, ndiyo maana.

Mwalimu_wa_Arua

Nyembamba ni unga. Unga ukikandwa kwa maji baridi hauvutiki, unakatika. Maji ya uvuguvugu, mafuta kidogo ndani, uache nusu saa chini ya kitambaa.

Dereva_Malaba

Nusu saa? Mwalimu unapika chapati au unalea mtoto? Mombasa wanakunja tabaka, hiyo hata ngumi haipiti.

Mswahili_Fasaha

Ya tabaka ndiyo chapati. Hiyo yenu ya barabarani ni kitu kingine, kitafutiwe jina.

Binti_Nubi

Tanga umerudi? Sisi Wanubi tunakanda na vitunguu, na hatujawahi kukuomba jina.

Boda_Wobulenzi

Na yai?

Mpwa_wa_Mama

Chapati ya yai ni rolex, usichanganye mada.

Fundi_Redio_Bombo

Kwa hiyo hakuna hata mmoja wa kunishauri nimfanyeje afande?

Kijana_wa_Mbale

Mwalimu, hayo maji ya uvuguvugu, unga kilo moja unaweka kiasi gani?