Sanamu ya Mzee kwenye noti: ni jengo tu, au ni sura ya mtu?

MTOA MADA:
Juzi dukani niliinua noti ya elfu moja kwenye mwanga, nikitafuta kichwa cha simba. Simba nilimwona, ila jicho likanasa kwa yule Mzee aliyekaa kitini, sanamu ya Jomo Kenyatta, rais wetu wa kwanza, mbele ya KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi.

Basi narudisha ubishi wa 2019. Katiba ya 2010, kifungu 231(4), inaruhusu noti na sarafu ziwe na picha za kuiwakilisha Kenya, lakini si picha ya mtu yeyote. Sababu twaijua. Kenyatta aliingia kwenye noti 1966, Moi akafuata 1980, hata Kibaki 2003 akapata sarafu yake ya shilingi arobaini. Anayekalia kiti, sura yake mfukoni mwetu. Wananchi wakasema yatosha.

Halafu Madaraka ya 2019, huko Narok, Patrick Njoroge, gavana wa Benki Kuu wakati huo, akatuonyesha noti mpya. Zote tano zina KICC, na mbele ya KICC kuna sanamu ya Jomo Kenyatta. Mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda kortini kuzipinga. Mahakama Kuu ikaitupa kesi Septemba, siku chache kabla ya noti ya elfu ya zamani kukoma tarehe 1 Oktoba. Sawa, korti imesema. Lakini sanamu huchongwa ifanane na mwenyewe. Ikichapwa kwenye noti, inaachaje kuwa picha yake? Leteni hoja.

KESHIA MSTAAFU:
Ndugu, KICC na hiyo sanamu vilikuwa nyuma ya noti ya mia ya zamani, na sikumsikia mteja hata mmoja akiteta. Vyote viwili vipo pale tangu 1973. Ukiuchora uwanja ule bila sanamu, umechora uwanja mwingine.

MTOA MADA:
Nani angeteta ya nyuma, mzee wangu, na mbele kuna uso mzima wa Kenyatta? Tena katiba hii haikuwapo. Halafu tazama sarafu za Desemba 2018: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Benki Kuu ni ile ile na kifungu ni kile kile. Mbona huko waliweza?

MAKANGA WA USIKU:
Nyinyi mwabishania sura, mimi noti naisoma kwa kidole. Ikiwa mpya ni raha: neno KENYA limeinuka, thamani imeinuka, na ukingoni kuna vistari vya kusaidia wasioona. Ikishapita kwa muuza samaki na kwenye soksi za watu, yote yamelala. Eti inamisha noti, uzi ubadilike rangi! Abiria watano wanashuka, dereva anapiga honi, niinamishe saa ngapi? Nimeshakula mia mbili ya wash wash, noti bandia, nikiwa macho kabisa. Mzee akae au asimame, mimi nataka noti isiyochoka.

MSOMA KATIBA:
Makanga ana lake, ila turudi kwenye kifungu. Nionavyo mimi, kinachokatazwa ni picha iliyokusudiwa kumwonyesha mtu. Hapa kilichokusudiwa ni jengo, na sanamu imeingia kwa kuwa ipo uwanjani. Kwa hilo naona korti haikukosea. Kinachonikosesha usingizi ni mlango ulioachwa wazi. Dedan Kimathi ana sanamu katikati ya Nairobi, Tom Mboya pia. Kesho wakichora barabara yenye sanamu, tutaambiwa ni picha ya barabara?

MAMA WA GENGE:
Na jina je? Mwaka 1992 noti ya mia tano iliitwa Jirongo nchi nzima, jina la mwanasiasa Cyrus Jirongo, na sura yake haikuwamo hata kidogo. Watu wakitaka kukuweka kwenye pesa watakuweka.

KESHIA MSTAAFU:
Hahaha, umenikumbusha mbali! Lakini kijana, nakupa moja. Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa noti zenye saini ya gavana Kamau Thugge na uzi mpya wa usalama. Hata mchapaji alikuwa amebadilika, De La Rue wakatoka, wakaja Wajerumani wa Giesecke+Devrient. Kama kulikuwa na nia ya kuiondoa sanamu, nafasi ndiyo ile.

MTOA MADA:
Ndilo ninalosema! Saini imeondoka, uzi umeondoka, mchapaji ameondoka. Kiti cha Mzee hakijasogea hata inchi. Kwani mlima Kenya una ubaya gani? Jina la nchi lenyewe limetoka huko.

MAMA WA GENGE:
Uwekeni mlima muone. Sisi wa Pwani siku hiyo hiyo tutauliza mbona si Fort Jesus.